Mlafi ni Nani?

Wengi hudhani kwamba mlafi ni yule alaye sana. Sisi tuliolelewa Mpale, katika nchi ya Korogwe na Handeni, twaona kuwa jambo hili lataka kupimwa zaidi. Mkulima aliyeshinda na jembe tangu alfajiri humega matonge mengi jioni, wala hakuna amwitaye mlafi. Huyo ni mlaji tu, na chakula ni haki ya jasho lake.

Tuyatazame maneno yenyewe. Mlaji hutaja tendo la kula. Mlafi hutaja tendo hilo lilipovuka mpaka. Mdowezi si lazima ale kingi: kosa lake ni kuvizia chungu cha wenzake kinapoepuliwa. Mroho naye ametokana na roho, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Njaa yake haimo tumboni, imo rohoni, ndiyo maana haishibi.

Basi ulafi hupimwa kwa sinia la wengi. Utotoni tulikula pamoja. Aliyewahi mnofu kabla ya wenzake, au aliyekomba mboga ilhali mwenzake angali na tonge kavu mkononi, ndiye aliyebandikwa jina hilo. Ukame, ambao huirudia Handeni mara kwa mara, ulilizidishia jina uzito, kwa kuwa tonge la ziada lilikuwa tonge la mtu mwingine.

Masimulizi ya Usambara yanatupa mfano. Mbega, mwindaji kutoka Nguu, aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Mwishowe wakamsimika Vuga kuwa mtawala wao. Aliyegawa ndiye aliyepewa nchi.

Lakini aliyekwisha kupewa nchi, naye akaanza kula peke yake, tumwiteje? Kiswahili hakikosi jibu. Husema fulani amekula rushwa, amekula mali ya umma. Na atozaye riba huitwa mlariba. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwawekea viongozi miiko ya kuwazuia wasijilimbikizie mali. Mwaka 1991, kwa uamuzi uliofanywa Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Masharti yaweza kulegezwa. Maana ya neno mlafi haikulegezwa, na mtoto wa kijijini angali akiijua.

Hata hivyo tujihadhari. Yuko aliyeshiba ambaye humwita mlafi kibarua aombaye nyongeza ya ujira, au mama aombaye kibaba cha pili. Hilo ni kulipindua neno ili limlinde yule lililokusudiwa kumkemea. Kabla hatujamtamkia mtu jina hili, na tuulize kwanza: je, alichokula kilikuwa cha nani, na ni nani aliyelala njaa kwa sababu yake? Wahenga walikwisha kutuonya: mla cha mwenziwe, na chake huliwa.