Zaburi ya 91 Isisomwe

Mwalimu aliacha agizo moja tu kuhusu mazishi yake: Zaburi ya 91 isisomwe. Mengine yote, jeneza, chakula, kwaya ipi iimbe, alituachia wenyewe, nasi kwa kawaida yetu tuligombana. Lakini hilo la zaburi alimwambia mke wake, akamwambia mchungaji, kisha akaniambia na mimi, kila mmoja kwa wakati wake, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Alikuwa baba yangu mdogo, ila sikuwahi kumwita hivyo. Alinifundisha darasa la nne na la tano, na shuleni hakutaka udugu. Jina la Mwalimu likamganda mpaka nyumbani. Hata mke wake alilitumia. Alizaliwa 1944 huku kwetu, mkoa ukiwa bado haujaitwa Kagera, akasomea ualimu, akastaafu 2004, akafariki akiwa amevuka ile miaka themanini ambayo Zaburi ya 90 inawapa wenye nguvu.

Katikati ya miaka hiyo kuna miezi ya vita. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalikalia eneo la kaskazini ya mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, waliopitia mafunzo ya mgambo waliitwa: walimu, makarani, wakulima. Mwalimu alikwenda pamoja na mwenzake waliyefundisha naye shule moja. Kabla ya kuvuka mpaka, Wakristo wa kikosi chao walikusanyika jioni wakaisoma Zaburi ya 91, ile inayosema juu ya maelfu kuanguka ubavuni mwako na wewe usiguswe. Aliyeishika Biblia siku hiyo alikuwa yule mwenzake.

Machi 10, 1979 walikuwa Lukaya, kwenye barabara inayokatiza kinamasi baada ya Masaka. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walifyatua makombora ya Katyusha. Makombora yenyewe yalipita juu ya vichwa vyao, hayakuwapiga. Lakini mlio ule hawakuwahi kuusikia maishani, na Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, ilitawanyika. Wapo wachache waliobaki kinamasini wakaendelea kupigana. Kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka, Walibya wakashindwa, na Aprili 11 Kampala ikatekwa. Mambo haya yameandikwa vitabuni. Kisichoandikwa ni kwamba mwenzake alikuwa miongoni mwa wale waliobaki, na hakurudi.

"Sikulindwa, mwanangu," aliniambia. "Nilikimbia."

Alisema hivyo bila machozi na bila majivuno, kwa sauti ile ile aliyotumia kutusahihishia hesabu za sehemu. Watu hawakumwachia. Kila alipoonekana kanisani kuna aliyemwambia Mungu alimtunza kwa kusudi maalumu. Na siku tulipokaa kuandika wasifu wa marehemu, sentensi hiyo ilikuja yenyewe: "Bwana alimlinda katika vita vya Kagera kwa kuwa alikuwa na kazi naye." Mwandishi wa sentensi alikuwa kijana mwenye nia njema. Nilimwomba aifute.

Alinishangaa, akadhani nimepungukiwa imani. Nikamuuliza: yule mwalimu mwingine, aliyesoma zaburi kwa sauti ili wenzake wapate moyo, Bwana hakuwa na kazi naye? Mke wake, aliyelea watoto kwa shamba la migomba na kahawa ambayo bei yake sote tunaijua, tumwambie nini? Sentensi ile inamsifu mmoja na kumtukana mwingine, tena mjane wake akiwa ameketi pale pale kwenye turubai anasikiliza.

Mahubiri mengi huipita sura ya 13 ya Injili ya Luka upesi mno. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye anaongeza habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anauliza kama hao walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, anajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha anaita watu watubu. Wahubiri wetu wanaupenda wito wa toba. Lile jibu la kwanza wanaliruka. Na kama aliyeangukiwa na mnara hakuwa mbaya kuliko wengine, basi aliyenusurika naye hakuwa mwema kuliko wengine. Huwezi kushika nusu ya hoja. Mwalimu alipenda pia kukumbusha ni nani katika Injili anayeinukuu Zaburi ya 91: ni Ibilisi, juu ya kinara cha hekalu, anapomtaka Yesu ajirushe kwa kuwa malaika watamdaka. Yesu alikataa kuitumia hivyo.

Sisi wa Kagera tumekuwa na nafasi nyingi za kuikosea hoja hii. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na miaka iliyofuata Mwalimu alifundisha madarasa ambamo yatima hawakuwa wachache. Kulikuwa na wazee wa kanisa, nawakumbuka, waliosema wazi kuwa ni adhabu. Mei 21, 1996 ilipozama MV Bukoba karibu na Mwanza, walioikosa meli ile walitoa ushuhuda kwamba wameokolewa. Sawa, washukuru. Lakini meli ilijazwa kupita kiasi, na kuna watu waliojaza. Tukimtwika Mungu hesabu yote ya nani afe na nani apone, aliyeuza tiketi za ziada analala usingizi wake.

Msomaji asidhani Mwalimu alikuwa mkana Mungu. Alisali asubuhi na jioni. Siku za mavuno alipeleka mkungu wake kanisani, na alipopewa nafasi ya kusema neno alisema "Nashukuru," akakaa. Hakuongeza "kwa sababu." Kwangu mimi hiyo ndiyo imani ngumu: kupokea siku usiyostahili bila kuigeuza kuwa cheti cha ubora wako. Yapo ambayo watu wanaweza kunijibu, najua. Watasema Biblia imejaa watu waliotunzwa kwa kusudi, Musa ndani ya kisafina, Yusufu kisimani. Ni kweli. Ila Yusufu aliitamka maana ya mambo yake mwenyewe, mbele ya ndugu zake waliomuuza, baada ya miaka mingi. Hakuna jirani aliyemsemea.

Wengine walisema miaka yake ya ualimu baada ya vita, na karo aliyowalipia watoto wa yule mwenzake mpaka wakamaliza sekondari, ni deni alilokuwa akilipa. Nilimuuliza. Alicheka. "Deni la nani? Yeye hakunikopesha kitu. Alikufa tu." Basi kwa nini aliendelea kuamka gizani, na kwenda shuleni hata miezi ambayo mshahara ulichelewa? Alinitazama kama nilivyozoea kutazamwa darasa la tano. "Kengele ilikuwa inagongwa saa moja na nusu."

Zaburi haikusomwa, mchungaji alichagua Mhubiri 9, akahubiri vizuri.

Nawe ukiombwa kuandika wasifu wa mzee aliyerudi kutoka vitani, andika alipigana wapi, alirudi mwaka gani, alifundisha darasa gani. Waulize jamaa kama wanaridhia, kisha yataje majina ya aliokwenda nao ambao hawakurudi. Kusudi la Mungu liache wazi. Si kazi ya kamati ya mazishi.