HAKI YA MWENYE USONJI KATIKA MISIKITI NA MIKUSANYIKO YETU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu wakahitilafiana rangi, ndimi na tabia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Fahamuni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa wamo miongoni mwetu watoto, na watu wazima pia, ambao hisia zao zimeumbwa kwa namna nyingine. Hali hiyo yaitwa usonji. Tabibu Leo Kanner aliieleza huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943. Na mwaka 2007 Umoja wa Mataifa, kwa shauri la dola ya Qatar, uliiwekea siku yake, tarehe 2 Aprili ya kila mwaka. Haikuletwa na jini wala na malezi mabaya ya mama. Wengi wa watu hawa, sauti uionayo wewe ni ya kawaida, kwao ni kama nyundo sikioni. Mwanga mkali huwaumiza, harufu huwakera, na msongamano huwatia hofu. Mtoto huziba masikio, hulia, hukimbia. Na asiyejua husema kuwa hana adabu.

Basi baba humpeleka mwanawe msikitini mara moja, akakaripiwa mbele ya watu, asirudi tena. Mama huacha arusi na khitima. Nyumba yao huwa kifungo, na kosa hawana.

Na sheria yetu haikughafilika na adha ya masikio na pua. Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kuukaribia msikiti, kwa kuwa harufu yake huwaudhi wengine. Alipokuwa katika itikafu akawasikia watu wakisoma Qurani kwa sauti kubwa, aliwakataza kuudhiana kwa kisomo chao. Tazama: kisomo ni ibada, na juu ya hayo kisiwe adha kwa mwenzako. Je, kipaza sauti kinachotikisa kuta kitakuwa na ruhusa kuliko kisomo? Na aliposikia mtoto akilia naye yumo katika sala, aliifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hakumfukuza mtoto wala hakumlaumu mama.

Wanavyuoni wa Shafi'i wametaja katika nyudhuru za kuacha jamaa kumuuguza asiye na mwangalizi, au anayetulia kwa kuwapo mtu wake. Usonji si maradhi ya homa, lakini baba ambaye mwanawe hatulizwi ila naye, maana ya udhuru huo imo kwake. Lakini angalieni vyema: udhuru ni wake yeye, deni ni la jamaa nzima. Aliyesamehewa kuja si sawa na aliyefukuzwa asije.

Basi yapasa yafanywe haya. Kwanza, wazazi waulizwe ni jambo gani limuudhilo mtoto wao, kwani hawafanani: mmoja hukimbia sauti, mwingine mwanga, na mwingine hupenda yale yale amkimbizayo mwenziwe. Pili, mtoto azoezwe msikiti ukiwa mtupu, baina ya dhuha na adhuhuri, aijue mikeka, birika na mlango wa kutokea. Kisha ahudhurie sala moja fupi, akae pembeni karibu na mlango, na akitoka asikodolewe macho. Vipaza sauti vya ndani vipunguzwe. Yatosha imamu asikike.

Tatu, matembezi yachaguliwe kwa saa, si kwa mahali tu. Forodhani ya Unguja wakati wa jioni ni moshi, makelele na watu tele; asubuhi mapema ni kivuli na upepo. Ufuo wa Shela huko Lamu, baada ya alfajiri na maji yamekupwa, ni mpana na mtulivu. Mombasa, bustani ya Haller huko Bamburi ina miti na njia za kutembea, na siku za kazi ni afadhali kuliko siku za mapumziko. Mahali hapo hapo pawezapo kumtesa mtoto, kwa saa nyingine humfurahisha.

Nne, mwenye maulidi au arusi na atenge chumba kimoja mbali na matari, chenye mwanga mdogo, na awaambie wazazi mapema kitaanza nini na kitakwisha lini. Kwani jambo la ghafula huwasumbua sana watu hawa. Na wanaume wa mtaa waandamane na baba huyo, mmoja leo na mwingine kesho, asitembee peke yake kama mwenye aibu.

Mambo haya hayahitaji mali nyingi. Yahitaji kushusha sauti, kuacha nafasi karibu na mlango, na kuzuia ulimi.

Ewe Mola wetu, zilainishe nyoyo zetu, uwape subira wazazi hawa, wala usijaalie nyumba zako kuwa nzito kwa wanyonge wetu. Amin.