Gari Likishaoshwa

Gari lililotumika limeshuka bandarini Mombasa, limepita kwa wasafishaji, na sasa mwenyewe analizunguka juani akiwa amekunja uso. Boneti imejaa mikwaruzo ya duara. Mlango mmoja umekoza rangi kuliko mwenzake. Hasira zote zinamwangukia kijana mwenye sponji.

Mara nyingi anaonewa. Nta na baadhi ya polishi huziba mikwaruzo midogo. Sabuni kali ikishaziondoa, jua linaonyesha yote. Vanishi ya juu, ile inayong'aa, kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele, na kitambaa chenye mchanga huichubua kila gari lioshwapo. Kenya huruhusu kuagizwa gari lililotumika la hadi miaka 8. Hiyo ni miosho mingi.

Mlango uliokoza ni habari nyingine: huenda ulipigwa rangi upya. Jaribu sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Penye bati la chuma itanasa, penye puti nene itateleza. Kurudia rangi si kosa. Ukimya wa muuzaji ndio unaoniudhi.

Basi kabla hujalipa, omba lioshwe bila polishi, ulikague mchana. Umeshalinunua? Mkwaruzo usiokwamisha ukucha, polishi huenda ikautoa. Unaokwamisha, mpelekee fundi rangi.