Mwenye Mkasi

Wimbo waliouunda watu wawili ni wa nani? Mwanasheria atatujibu upesi kwamba ni wa wote wawili, nami sibishani naye. Lakini hapa Vingunguti, kundi la mchiriku likipiga uchochoroni, mambo hayafiki kwa mwanasheria. Mpiga kinanda akizidisha mwendo na mwimbaji hautaki, mwimbaji humgeukia palepale, mbele ya wageni wa sherehe, na mwendo hurudi. Wanaonana uso kwa uso.

Studio ni jambo jingine. Mwaka 2002 marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alitoa albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Humo zeze na ilimba vimekutana na gitaa la umeme na midundo ya mashine. Wapo watakaosema asili imechafuliwa. Siwaungi mkono, Zawose alikuwa mtu mzima, alijua alichokwenda kufanya.

Kinachonisumbua ni mkasi. Katika kazi za namna hii mmoja huimba, kisha mwingine hubaki na sauti yake, akikata na kuunga. Brook huyohuyo, alipotengeneza Mustt Mustt (1990) na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, alikata mahali ambapo kwa sikio lake palifaa. Kumbe maneno mengine yalibaki nusu, hayana maana tena! Bahati njema alikuwa amempelekea mwenyewe asikilize kwanza. Nusrat akakataa, wakarekebisha, wakakutana katikati. Brook ameisimulia habari hiyo bila kuficha, na kwa hilo namheshimu.

Sasa fikiri, msomaji: mnunuzi wa London angejuaje kama neno la Kigogo limekatwa shingo? Hata mimi sijui Kigogo. Wote tunamtegemea aliyeimba awepo, na hapana yake isikike.

Zawose alifariki Desemba 2003. Leo kijana yeyote mwenye kompyuta aweza kuichukua sauti ile na kuikata apendavyo. Atamwuliza nani? Ukoo wa Zawose bado unapiga. Mabinti wake wawili wa ukoo, Pendo na Leah, walitoa albamu yao Maisha mwaka 2024. Kijana huyo apande basi la Bagamoyo, awapigie kazi yake kabla haijatoka, naye akae kimya wanaposikiliza.