Mzazi, Simulia Ulichokiona

Wazazi wa kidato cha kwanza wanapoitwa shuleni kuelezwa masomo ya watoto wao, historia hupewa nafasi ya mwisho. Hisabati na fizikia zimeshasemewa vya kutosha, na watu wameanza kutazama saa. Ndipo anaposimama mzazi, na swali lake karibu ni lile lile kila mwaka: "Mwalimu, habari za wafalme wa Ulaya zitamsaidia nini mtoto wa Koboko?"

Ana haki ya kuuliza. Ameuza muhogo na tumbaku ili karo ipatikane, na anajua kwamba tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa na serikali ya Uganda shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wa historia akiachwa nyuma sana. Kwa hiyo sianzi kulisifu somo langu. Namjibu kwa habari ya mfalme mmoja wa Ulaya.

Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, eneo la magharibi mwa Mto Nile lililoitwa Lado. Arua na Koboko za leo zilikuwa ndani yake. Masharti yalikuwa kwamba alishike muda wote wa uhai wake. Leopold hakuwahi kukanyaga hapa. Alifariki Desemba 1909, eneo likakabidhiwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Mzee aliyezeekea Koboko miaka hiyo alibadilishiwa watawala mara tatu, na hakuhama nyumba yake. Wakakwa, watu wa Koboko, wakajikuta wamegawanyika: hawa Uganda, hawa Kongo, hawa Sudan. Mtoto anayeuliza kwa nini shangazi yake wa Yei, upande wa Sudan Kusini, lazima apite kwenye ukaguzi wa mpakani Oraba ili aje msibani, anauliza swali la historia ya dunia, na jibu lake linafika hadi Brussels.

Mifano mingine iko tele. Rhino Camp, ambako leo wanaishi wakimbizi, ndiko Theodore Roosevelt, aliyetoka kwenye urais wa Marekani mwaka 1909, alikopiga kambi mapema mwaka 1910 akiwinda vifaru weupe kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Vita vya Pili vya Dunia navyo viliwachukua vijana wa West Nile, eneo letu hili, wakavaa sare za King's African Rifles na kupelekwa hadi Burma. Hayo mwalimu anaweza kuyafundisha kwa ramani na kitabu.

Iko sehemu ambayo mwalimu hataiweza peke yake. Mtaala mpya ulioanza 2020 unaliita somo hili Historia na Elimu ya Siasa, na unamtaka mwanafunzi achunguze na kuuliza watu, asingoje tu kuandikiwa ubaoni. Mtoto atarudi nyumbani na daftari, amuulize babu: mwaka 1979 ulikuwa wapi? Kwa nini mama alizaliwa Zaire?

Nyumba nyingi za kwetu hunyamaza hapo, na ninaelewa sababu. Idi Amin alikuwa na asili ya Koboko, na utawala wake ulipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walibebeshwa hatia ya mtu mmoja. Wengi sana walikimbilia Zaire, yaani Kongo ya leo, na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu kabisa na mji wa Arua. Aliyeshuhudia mambo kama hayo hawezi kulazimishwa kuyasema. Lakini mtoto akikosa maelezo nyumbani atayaokota njiani, na huko atapewa chuki iliyokwisha kupikwa.

Ninachowaomba wazazi, basi, ni kitu ambacho wanahistoria wenyewe hukihangaikia maisha yao yote. Ulichokiona, kiseme kuwa ulikiona. Ulichokisikia, kiseme kuwa ulikisikia, na kwa nani. Wala usikate upande mmoja. Mtoto wa Arua anastahili kujua kwamba baada ya mapinduzi ya Amin ya 1971 askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa kambini, na kwamba wao pia walikuwa na mama zao. Anastahili kujua vilevile kwamba bibi yake alifukuzwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Akiyashika yote mawili, itakuwa vigumu kwa mwanasiasa yeyote kumtuma akamchukie jirani.

Mwambie pia habari za wema. Waliovuka kwenda Yei walipata wenyeji waliowapa mahali pa kulima. Mwaka 2016 vita vilipofika Yei, njia ile ile ilijaa watu wakija upande wetu, na kambi ya Bidibidi ikafunguliwa Yumbe mwezi Agosti. Mkimbizi anayekaa dawati moja na mwanao huenda ni mjukuu wa aliyempokea mama yako. Mtoto anayelijua hilo hatamwita mgeni anayemaliza chakula cha kambi na nafasi za shule.

Kwa hiyo, mzee, mama, mtoto akija na daftari lake usimfukuze akasome mambo ya maana. Mketishe. Mwambie mlipita njia gani, mlikula nini, nani aliwafungulia mlango na nani aliwafungia. Asipoweza kuandika upesi, msubiri. Na akikuuliza usilolijua, mwambie wazi kwamba hulijui, mwende pamoja kwa mtu anayelijua.