Je, Niende Korea Kufundisha Kiingereza?



Zamani mume aliyetoka kutafuta kazi alifika Nairobi au Mombasa, na mwisho wa mwezi akapanda basi kurudi nyumbani. Siku hizi safari zimekuwa ndefu. Wapo wazazi, hasa walimu, wanaoambiwa na mawakala kwamba Korea Kusini kuna kazi nzuri ya kufundisha Kiingereza. Mtu analala akijiuliza: niende, nisiende? Tulitazame swali hili kwa utulivu, kwa maana linagusa ahadi tuliyoitoa altareni.

Kwanza, kazi yenyewe. Wakorea wanathamini masomo mno. Mtoto akitoka shuleni huenda tena kwenye kituo cha tuisheni cha kibinafsi, kinachoitwa hagwon, akafundishwa hesabu, muziki au Kiingereza mpaka usiku. Mjini Seoul sheria inavitaka vituo hivyo vifunge saa nne za usiku. Mwalimu mgeni kwa kawaida hutia sahihi mkataba wa mwaka mmoja, na mara nyingi hupewa nyumba. Akimaliza mwaka, hulipwa kiinua mgongo cha kiasi cha mshahara wa mwezi mmoja. Kwa mzazi anayedaiwa karo, hilo si jambo la kudharau.

Lakini wakala hasemi yote. Viza ya E-2, ambayo ndiyo ya kufundishia Kiingereza katika hagwon, hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ayalandi na Afrika Kusini. Kenya haimo. Hata kama umefundisha Kiingereza miaka ishirini, pasipoti yetu haikufungulii mlango huo. Kijana wa Kanada mwenye digrii ya kilimo, ambaye hajawahi kushika chaki, anaweza kufunguliwa.

Hapo ndipo wakala anapotoa shauri: "Ingia kwa viza nyingine. Ukifika, utafundisha kimyakimya."

Mtu atauliza, dhambi iko wapi? Sheria yenyewe inabagua. Siibi, ninatoa jasho, ninalisha watoto. Hoja hii ina uzito. Kanisa linafundisha, katika Katekisimu ya mwaka 1992, kwamba nchi zenye neema zapaswa, kadiri ziwezavyo, kumpokea mgeni anayetafuta riziki. Papo hapo linamtaka mgeni atii sheria za nchi iliyompokea. Tungeweza kubishana mpaka kesho kama sheria ya Korea ni ya haki au si ya haki.

Lakini mwenye ndoa analo swali jingine la kujibu kabla ya hilo. Tuseme sheria ile imekukosea. Je, mkeo amekukosea nini? Mumeo naye?

Anayefanya kazi kwa kujificha amepoteza uhuru wa kurudi. Akitoka, huenda asiingie tena. Mtoto akilazwa hospitalini, mama mkwe akifariki, hawezi kusema, "Nakuja." Mwajiri akimnyima mshahara, ataogopa kwenda kushtaki. Siku ya arusi hatukuahidiana fedha. Tuliahidiana kuwa pamoja mambo yakiwa mema na yakiwa mabaya. Basi uhuru wa kurudi nyumbani si mali ya mtu mmoja. Ni wa wawili, na mmoja hana ruhusa ya kuuuza.

Tena uongo haukai Korea peke yake. Mke aliyebaki itabidi afundishwe la kuwajibu wanajumuiya wakimwuliza baba anafanya kazi gani. Watoto nao watafundishwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na sisi tutakuwa tumewapeleka watoto wetu katika njia hiyo.

Je, mwenye njia halali? Katiba yetu ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na huenda mmoja wenu ni raia wa mojawapo ya zile saba. Huyo naye asidhani swali limekwisha. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anawataka waliooana wasinyimane isipokuwa wamepatana, na kwa muda tu. Kupatana si mmoja kutangaza safari na mwingine kunyamaza. Na muda ni tarehe inayojulikana, si "tutaona huko mbele". Kumbukeni pia kwamba Korea wametutangulia kwa saa sita. Ninyi mkianza Rozari saa mbili usiku, kule ni saa nane za usiku, na mwenzenu amelala kwa uchovu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wakorea wenyewe wanaijua gharama hii. Katika arusi zao za jadi hutumia bata bukini wa mti kama ishara ya uaminifu, kwa kuwa ndege huyo husifiwa kwa kutomwacha mwenzake. Lakini kwao wapo akina baba wanaobaki Korea peke yao wakichuma fedha, huku mke na watoto wanaishi ng'ambo ili watoto wajue Kiingereza. Watu huwaita "baba bata bukini", kwa sababu huruka mbali kwenda kuwaona walio wao.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa wakala hata shilingi moja, ketini wawili watoto wakiwa wamelala. Ulizaneni: Je, njia hii twaweza kuieleza mbele ya watoto wetu bila kuficha kitu? Nikikuita, utaweza kuja? Tumekubaliana, au mmoja wetu amechoka kubisha?

Jibu la moja likiwa hapana, karo itafutiwe njia nyingine, hata kama ni ya polepole. Mungu azibariki nyumba zenu.