Kilicho Nyuma ya Mtu

Mkuyuni, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, ni mahali palipobeba jina la mti, na kwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili mkuyu una mtu wake: Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, mfupi wa kimo, aliyeupanda ili amwone Yesu akipita. Katika sura ya 19 ya Injili ya Luka, aliyepanda ili aone ndiye anayeonwa, tena anaitwa kwa jina. Umati ulikuwa umemwona siku zote, lakini ulichoona ni kazi yake, mali yake na sifa yake mbaya, yaani vilivyo nyuma yake. Je, thamani ya mtu imo katika vitu hivyo, au kuna kitu kinachobaki vikiondolewa vyote? Mpigapicha anayemweka mtu mbele ya weusi mtupu na kumwangazia uso analishika swali hili kwa mikono yake, na naamini kazi yake inalijibu: utu hukaa usoni, nao hauongezwi wala haupunguzwi na mandhari.

Studio nyingi za Afrika Mashariki zimefuata njia nyingine. Wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijulikana kwa mandhari ya kuchorwa, meli na ndege na majumba, na mteja aliondoka na picha yake akiwa amesimama ndani ya ndoto yake. Hilo halina aibu. Lakini weusi humvua mtu hata ndoto hiyo, na kuupata kunataka bidii. Kitambaa huchaguliwa kisichong'aa, kama mahameri, kinachomeza mwanga; anayepigwa picha huwekwa mbali nacho, na taa huwekwa karibu naye, ubavuni. Mwanga hufifia upesi kuliko tunavyodhani: umbali kutoka kwenye taa ukiongezeka mara 2, mwanga hubaki robo. Uso ulio mita 1 kutoka kwenye taa hupata mwanga mara 16 ya ule unaolifikia pazia lililo mita 4. Kwa hiyo weusi ule si ajali. Umeandaliwa ili uso usishindane na chochote.

Ushahidi mzito zaidi umo katika kosa ambalo kamera yenyewe hulifanya. Kipimo chake cha mwanga hukadiria kana kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Kikikuta picha iliyojaa weusi, hudhani mwanga ni haba, hivyo huuongeza, na mashavu na paji la uso hupauka hadi mikunjo ikafutika. Fundi anayejua kazi hukipuuza kipimo hicho na kupima usoni. Vivyo hivyo, anayemhukumu mtu kwa kilicho nyuma yake huuharibu uso wake, hata kama hakukusudia. Kwamba kipimo kibaya huharibu uso, historia ya filamu za rangi imelithibitisha kwa uchungu. Kwa miaka mingi Kodak ilisambaza kwa maabara kadi za kurekebishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ikawa kipimo cha ngozi zote. Watu weusi walipotoka pichani wakionekana meno na macho tu, ngozi yao ililaumiwa, kumbe kasoro ilikuwa katika kipimo.

Muumini anaweza kupinga hapa: giza katika Maandiko ni alama ya dhambi, kwa nini mtu atukuzwe ndani yake? Ni kweli alama hiyo ipo, lakini inamhusu anayeukimbia mwanga. Sura ya kwanza ya Mwanzo inaonyesha Mungu akilitenga giza na kulipa jina, si kulifuta. Katika Kutoka, Musa analikaribia giza nene mahali Mungu alipokuwapo. Qurani, katika sura ya An-Nabaa, inautaja usiku kuwa vazi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hawahitaji kufundishwa jambo hilo: mwezi ukiwa mpevu taa zao hupoteza nguvu ya kuwavuta samaki, na wengi hupumzika hadi giza lirudi. Taa ndogo hufanya kazi kwa sababu giza limeipa nafasi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwetu. Mtu ni watu. Kumkata na nyumba yake, ukoo wake na shamba lake si ndiko kumfanya kisiwa? Nakubali kwamba picha ya ukoo inataka ukoo, na kwamba weusi ukitumiwa kumfanya maskini aonekane hana kwao ni dhuluma. Lakini uso haukatwi na watu. Umebeba pua ya bibi na mwanya wa baba. Zaidi ya hayo, katika picha hiyo hakuna anayejimulikia. Mwanga umemjia kutoka nje, kutoka kwa mtu aliyeinua taa, akaigeuza na kuisogeza hadi akamwona sawasawa. Mandhari yote yakiondolewa, kinachobaki pichani si mtu peke yake, bali mtu anayetazamwa.

Hayo ndiyo yaliyompata Zakayo. Aliitwa kwa jina na kuambiwa ashuke kabla hajatoa senti moja. Ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali na kuwarudishia mara 4 aliowadhulumu ilikuja baadaye. Kuonwa kulitangulia kutengenezeka. Basi tunapokutana na mtu, awe mvuvi mwaloni, mfungwa au tajiri, tusipime pazia lililo nyuma yake. Tupime usoni kwanza.